Gunzi Kwenye Baragumu

Msimu ule tulikuwa na michezo minne, miwili ya zamani na miwili ya kisasa. Dada Devotha, mwongozaji wetu, aliipanga hivyo ili wazee wasiseme tumepotea na vijana wasiseme tumezeeka. Kikundi chetu kinaitwa Tambarare. Tuko Same mjini, huku chini kwenye upepo na vumbi, na watu wa milimani wakitaka kututania wanatuita watu wa tambarare, wasiojua hata kushika jembe. Tukaona jina tunalo tayari, la nini kuhangaika kutafuta jingine.

Mchezo wa kwanza, Kesi ya Kuku, ulikuwa wa kisasa. Ukiigiza kesi mbele ya Wapare huhitaji matangazo. Ukumbi ulijaa, na wiki iliyofuata walirudi walewale, safari hii wakiwa wamejiandaa. Mzee mmoja alisimama katikati ya onyesho akaomba ruhusa ya kumhoji shahidi. Shahidi nilikuwa mimi, na alinibana mpaka nikakiri. Wa pili, Namba Unayopiga, ulihusu mke na mume wanaoongea kwa simu tu ingawa wanalala nyumba moja. Siku ya kwanza simu ya mtazamaji iliita kweli, akapokea, akazungumza na shemeji yake habari za mbuzi mpaka wakaelewana. Alipokata simu, watu walimpigia makofi marefu kuliko yangu.

Mimi naitwa Edgar. Kwenye kikundi nimekuwa askari wa pili, nimekuwa mgonjwa wa tatu, na kwa wiki moja nilikuwa mlango. Silalamiki. Mlango ulisifiwa.

Mchezo wa tatu ndio wenye habari hii. Ni wa zamani, unaitwa Mfalme Aliyenunua Mvua. Mfalme anamlazimisha Mleta Mvua amimine mvua yote kwenye shamba lake peke yake. Mvua inanyesha kweli, lakini magugu nayo yanaota mpaka yanafunika nyumba. Mfalme anaagiza baragumu lipigwe, watu waje kupalilia. Hakuna anayekuja. Mashamba yao yalishakauka, wamehama. Basi mfalme anashika jembe kwa mara ya kwanza maishani mwake, na mchezo unaishia hapo: yeye, jembe, na magugu.

Mfalme alikuwa Mzee Tumainieli, karani mstaafu wa reli, ambaye hata akiomba chumvi mezani unadhani anatangaza treni. Mleta Mvua alikuwa Jenifer.

Jenifer ndiye bora kuliko sisi wote, na nasema hivi nikijua kwamba atasoma na ataringa. Kwao ni Vuangwe, juu milimani, kijiji cha tangawizi na maharage. Baba yake, Mzee Kaanaeli, ni mzee wa kanisa na ndiye msimamizi wa msaragambo. Msaragambo, kwa wasiotoka kwetu, ni kazi ya kijiji kizima. Barabara ikikatika au mfereji ukiziba, baragumu linapigwa, na kila nyumba inatoa mtu na jembe. Nyumba isiyotoa mtu inapigwa faini. Siku hizi wana kundi la wasap pia, ila kwa wasap mtu anaweza kusema bando liliisha. Baragumu halina bando.

Sasa Mzee Kaanaeli alikuwa amemtafutia binti yake nafasi kwenye chuo cha ualimu, na masomo yalikuwa yanaanza Jumatatu. Jenifer hakutaka. Alitaka kubaki nasi, na Dada Devotha alikuwa amemwahidi kwamba mchezo wa nne ataongoza yeye. Baba na binti walivutana kwenye simu wiki nzima, mpaka baba akatoa masharti. Jenifer aliweka spika ili sote tusikie.

"Leteni huo mchezo wenu hapa Vuangwe, Jumamosi," sauti ilisema. "Nitakaa mbele, nitatazama mpaka mwisho. Nikiona kazi humo ndani, nitanyamaza, ubaki huko Same. Nisipoiona kazi, Jumatatu unakwenda chuo, na sitaki machozi."

"Sawa, baba."

"Na huyo anayecheka hapo nyuma ni nani?"

"Ni Edgar, baba."

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe chuo umekwenda?"

Kabla sijapata jibu la heshima, simu ilikatika.

Kwa hiyo safari ya Vuangwe ilikuwa ya Jenifer kuliko yetu, na Dada Devotha hakutaka kitu cha kubabaisha. Kule ukumbini Same baragumu letu lilikuwa bomba la plastiki tulilolipaka rangi ya kahawia, lenye sauti ya mtu anayepenga kamasi. "Mlimani hatupandi na bomba," alisema. "Watu wale wanalijua baragumu." Vitus, tarishi wa mfalme, akaenda kwa muuza nyama akapewa pembe ndefu ya ng'ombe, akaichemsha, akaitoboa. Vitus amezaliwa na kukulia Same mjini, kwao wanauza vipuri vya pikipiki, kwa hiyo kutoboa alitoboa vizuri sana. Harufu ndiyo iliyotushinda. Siku za mwanzo mfalme alikataa kusimama karibu na tarishi wake.

Kilichobaki ni kujua linapigwaje.

"Jenifer, si kwenu wanapiga?" Dada Devotha aliuliza.

"Wanapiga wanaume. Mimi sijawahi hata kulishika."

"Si umesikia? Mwimbie tu."

Jenifer alifumba macho, akaimba kwa mdomo uliofungwa: fupi, fupi, fupi, halafu ndefu inayopanda mwishoni. Ilikuwa nzuri, ikanipa ubaridi shingoni. Vitus akajaribu. Ilitoka kama ng'ombe mwenye kikohozi, mpaka dereva wa bajaji aliyekuwa anapita nje akasimama kuangalia ng'ombe yuko wapi.

"Hiyo ndiyo wanayopiga?" Vitus aliuliza.

"Ndiyo ninayoikumbuka vizuri."

Hakuna aliyemuuliza kwa nini anaikumbuka hiyo kuliko nyingine. Sisi ni watu wa tambarare, tulidhani baragumu ni kama honi, ina mlio mmoja.

Jumamosi tulipanda na kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi, kiti cha enzi kikiwa kimefungwa juu, na mimi nikiwa nimekishikilia kwa sababu ndiyo kazi ya askari wa pili. Mama yake Jenifer alitupokea na makande. Tulikula mpaka Mzee Tumainieli akalegeza mkanda wa ufalme. Jukwaa tuliliweka uwanja wa shule. Watazamaji hawakuwa wengi, maharage yalikuwa yanavunwa na watu wengi walikuwa mashambani. Waliokuja walikaa kwenye madawati ya shule, na mbele kabisa, peke yake kwenye dawati la watu wawili, alikaa Mzee Kaanaeli amevaa koti, kofia magotini, kama mtu aliyeitwa mahakamani akiwa na uhakika wa kushinda.

Tukaanza. Kazi ya askari wa pili ni kusimama na mkuki akitazama watu, kwa hiyo mimi nilimtazama mzee muda wote ule. Mama Priska, jirani wa kina Jenifer, alikuwa nyuma yake anatafuna muwa na kutoa maoni.

"Huyu mfalme ana tumbo kweli," alisema.

"Ni makande yenu, mama," Mzee Tumainieli alimjibu kutoka jukwaani, na watu wakacheka.

Mzee Kaanaeli hakucheka. Alikuwa anatutazama kama anavyotazamwa fundi anayepandisha ukuta, kuona kama timazi imenyooka. Lakini Jenifer alipotoka kuita mvua, akiwa na kitenge cheusi tu na kibuyu mkononi, akatembea polepole akimtaja kila mtu ambaye hatapata tone hata moja, nilimwona mzee anageuza uso juu. Aliangalia mawingu. Mara moja tu, haraka, halafu akarudisha macho chini na kugeuzageuza kofia. Nikajua tumempata. Nilitamani nimwonyeshe Jenifer, ila askari wa pili haruhusiwi kukonyeza.

Ikafika zamu ya baragumu. Dada Devotha alikuwa amempandisha Vitus kwenye kilima nyuma ya shule, ili sauti itoke mbali. Mfalme akanyoosha mkono.

"Tarishi! Lipigwe, waje wote!"

Na Vitus akalipiga.

Sijui ilikuwa hewa ya mlimani au woga. Kule Same hajawahi kuitoa namna ile. Fupi, fupi, fupi, halafu ile ndefu ikapanda, ikavuka bonde, ikagonga mlima wa pili ikarudi. Nikasema moyoni, leo Vitus katutoa.

Mama Priska aliacha kutafuna. "Ndiva!" alipiga kelele. "Jamani, ndiva!"

Madawati yakaanguka. Ndiva ni bwawa lao la kumwagilia, limejengwa kwa mawe na udongo huko juu ya kijiji. Usiku linakusanya maji ya kijito, asubuhi linafunguliwa, maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Na ule mlio una maana moja: acha ulichoshika, chukua jembe, kimbia ndivani. Mara ya mwisho ulipigwa usiku ukuta wa ndiva ulipopasuka, Jenifer akiwa darasa la pili. Ndiyo maana aliukumbuka kuliko mingine. Ulikuwa umemwamsha usingizini.

Nilimtazama. Alikuwa amesimama na kibuyu chake, mdomo wazi.

"Nimempa ile ya ndiva," alisema. "Edgar, nimempa ile ya ndiva!"

Dawati la mbele lilikuwa tupu. Mzee Kaanaeli alikuwa ameacha koti na kofia juu yake, na alikuwa anapanda kilima kama kijana. Mfalme peke yake ndiye aliyeendelea, kwa sababu Mzee Tumainieli akishaanza hotuba ni kama treni, haisimami mpaka kituoni. "Hawaji!" alilia, huku watu wanapita mbele yake na nyuma yake kutoka kila upande wa kijiji, na majembe, na sululu, na makarai. "Nimeita, hawaji!"

Mwanamume mmoja mwenye sepetu alisimama akamwangalia juu mpaka chini. "Wewe mzee, jembe lako liko wapi? Unalia nini?"

Tukawafuata. Kule juu nilikuta kijiji kizima kimezunguka ndiva, wanahema, majembe begani. Ukuta ulikuwa mzima. Maji yalishafunguliwa asubuhi, ndani kulikuwa na tope na vyura wachache. Hakuna aliyeuliza bwawa lisilo na maji lingepasukaje. Likipigwa lile, mtu hakai kupiga hesabu, anakimbia. Sasa walikuwa wamefika na walikuwa wanatazamana.

Ndipo Vitus akateremka kutoka upande wa pili na pembe yake mkononi, uso umejaa furaha. Alidhani tumehamisha jukwaa.

"Mmesikia?" alisema. "Safari hii imetoka!"

Mzee Kaanaeli alimsogelea. Suruali yake ya kanisani ilikuwa na matope mpaka magotini.

"Nani kakufundisha kupiga hivyo?"

Vitus akatuangalia, akaelewa nusu. Ni kijana mwenye moyo. "Nimejifunza mwenyewe, mzee."

"Mtoto wa tambarare hawezi kuokota hiyo njiani. Nauliza tena."

"Ni mimi, baba," Jenifer alisema.

Mzee alimgeukia. Nilichoogopa ni kelele, lakini hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Wewe umezaliwa hapa," alisema. "Unajua watu wakiitwa bure wakarudi na majembe makavu, siku nyingine hawatakuja. Siku hiyo ukuta utakuwa umepasuka kweli, na nyumba ya mama yako ndiyo ya kwanza hapo chini."

"Najua, baba."

"Huko Same hilo mnaliita mchezo."

Mimi nilihesabu tumekwisha. Nilianza hata kufikiria nani atachukua nafasi ya Mleta Mvua, na nikajikuta nimesimama kwenye orodha peke yangu na kitenge cheusi.

"Likishapigwa, aliyepiga anaonyesha kazi," Mzee Kaanaeli alisema, sasa kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Huo ndio utaratibu, na haubadiliki kwa sababu ni mwanangu. Kazi iko wapi?"

Watu walingoja. Jenifer aliangalia ukuta, akaangalia mlango wa maji, akaangalia chini. Kisha akateremka mwenyewe na kitenge chake cheusi mpaka katikati ya ndiva. Tope lilimfika juu ya magoti.

"Kazi hii hapa," alisema. "Ndiva imejaa tope. Nilipokuwa mdogo maji yalikuwa yanafika kwenye lile jiwe jeupe, sasa hata nusu hayafiki. Baba amewaita kuizibua tangu mwaka jana. Wakaja nani?"

Watu wakawa wanaangalia majembe yao kana kwamba ndiyo yaliyokataa. Kuzibua tope ndiyo kazi inayokwepwa kuliko zote Vuangwe. Siku ikitangazwa, ghafla kila mtu ana mgonjwa Moshi.

"Wewe binti!" Mama Priska alisema. "Yaani umetuingiza mkenge!"

"Mama, jembe si unalo mkononi?"

"Ninalo."

"Na mgonjwa?"

"Mgonjwa gani?"

"Wa Moshi."

Aliyecheka kwanza alikuwa yule mwenye sepetu, halafu wote, na Mama Priska akavua kandambili akateremka topeni akitukana kwa Chasu, yaani Kipare, lakini kwa kucheka. Baada ya hapo nani angebaki juu?

Mzee Kaanaeli alichukua jembe la mtu akaingia.

Mwanzoni ilikuwa vurugu. Wenye majembe walikuwa wanawamwagia tope wenye makarai, wenye makarai wanagongana njiani, na nusu ya watu wamesimama nyuma ya wenzao wakiegemea mipini. Nilisikia baadaye kwamba msaragambo wa tope huwa hivyo siku zote, ndiyo maana hauishi. Jenifer alivumilia kidogo, halafu akapanda juu ya mlango wa maji akaanza kupanga watu. Ni jambo tunalofanya kila siku ya mazoezi. Dada Devotha anatuimbia hilo tangu siku ya kwanza. Ukisimama nyuma ya mwenzako huonekani, na kama huonekani huna unachofanya pale.

"Wewe wa shati la njano, nani kakuficha? Toka nyuma ya shemeji yako, njoo kulia. Makarai yaliyojaa yapite huku, matupu yarudi kule. Msikutane! Mama Priska, wewe ndiye kona, hakuna anayepita bila kugeukia kwako. Mfalme!"

"Naam!" alisema Mzee Tumainieli, akiwa bado na taji.

"Ingia hapo katikati, hapo pana nafasi."

Basi mfalme akabeba karai. Vazi lake la enzi, ambalo zamani lilikuwa pazia la nyumbani kwa Dada Devotha, likaburuta tope lote alilokuwa amelitoa. Dada Devotha mwenyewe alijaribu kutoa maelekezo, akaambiwa na yule mwenye sepetu kwamba mwongozaji yupo mmoja na yuko pale juu, achukue jembe. Akachukua. Mimi nilikuwa kwenye mstari wa makarai kati ya Vitus na mwalimu mkuu wa shule, na mgongo wangu unakumbuka. Mzee Kaanaeli alifanya kazi chini kabisa, karibu na binti yake. Mara kwa mara alinyoosha mgongo, akaangalia mistari miwili inavyokwenda na kurudi bila kugongana, akainama tena.

Jua lilipoanza kuelekea upande wa bwawa la Nyumba ya Mungu, lile jiwe jeupe lilikuwa limetoka lote, na chini yake lilionekana jingine ambalo hata wazee walikuwa wamelisahau. Watu wakakaa kwenye kingo za ndiva, pande zote, wamechoka, matope mpaka nyusi.

"Haya," alisema Mama Priska. "Na yule mfalme iliishaje?"

Tukatazamana. Dada Devotha akainua mabega. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa kwa duara, kila mtu anaona, na katikati pameshapigwa usawa. Hata ukumbi wa Same haujawahi kutupa nafasi kama ile. Mzee Tumainieli alifuta taji kwa kiganja, akasimama katikati ya ndiva. Tukaanzia pale tulipokatishwa, isipokuwa baragumu. Vitus aliiweka pembe chini akaikalia.

"Tarishi, wako wapi watu wangu?" mfalme aliuliza.

Ilikuwa zamu ya Jenifer. Neno la Mleta Mvua hapo ni moja tu. "Umeita, mfalme," alisema. "Hakuna aliyekuja."

"Muongo!" alipaza sauti yule mwenye sepetu. "Tulikuja wote!"

"Tuko hapa!" wakasema wengine. "Mfalme, usimsikilize huyo! Tumebeba mpaka tope!"

Walicheka mpaka kingo zikatikisika. Mzee Tumainieli alikuwa na hotuba ndefu hapo, ya kuwalaumu watu wasio na shukrani. Anaipenda kuliko chakula. Aliinua mkono aianze, akawatazama, akazunguka polepole akiwatazama wote, wale wamama wenye makarai magotini na wazee wenye suruali zilizokunjwa. Mkono ukashuka.

"Wamekuja," alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo, isiyo ya treni. "Niliwanyima mvua, na nilipowaita wamekuja. Sasa nitawaambia nini?"

Akachukua jembe akaanza kulima lile tope, na hakuna aliyecheka tena. Dada Devotha hajaurudisha mwisho wa zamani hadi leo.

Watu walipopiga makofi wakamaliza, Mzee Kaanaeli alisimama. Mkewe alikuwa amemletea koti na kofia, lakini hakuvaa.

"Baragumu la uongo limepigwa," alisema. "Kazi imefanyika, sawa, lakini uongo uko palepale, na una faini." Akatugeukia sisi wa tambarare. "Kila mwaka, siku ya kuzibua ndiva, mtaleta mchezo. Hapa hapa. Kazi kwanza, mchezo baadaye. Na huyu" (alimwonyesha Jenifer kwa kofia) "ndiye atakayepanga watu. Kuna mwenye neno?"

Nilimwona Jenifer anakuna tope mkononi, na ninamjua: akikuna hivyo anatafuta mlango.

"Baba," alisema. "Chuo hawaruhusu mtu kutoka ovyo ovyo. Na kikundi nikishakiacha, wa kuleta mchezo simpati."

"Najua."

"Sasa faini nitailipaje?"

Watu wakanyoosha shingo. Pale ndipo niliposadiki kwamba Kesi ya Kuku hatukuitunga, tuliinakili. Mzee alivaa koti, mkono mmoja, halafu wa pili, akafunga vifungo juu ya matope yote yale.

"Faini ya msaragambo haisamehewi," alisema. "Sijamsamehe mchungaji, sembuse wewe. Kama ukiwa chuo huwezi kulipa, basi chuo ndicho kitakachosubiri. Jumatatu nitawapigia niwaambie."

Jenifer alisema asante baba, na baba alisema hajafanya lolote, huo ni utaratibu. Halafu akamfuata Vitus, akamnyanyua kutoka juu ya pembe, akaiokota. Aliigeuza, akachungulia tundu, akanusa, akakunja uso. Akaokota gunzi la hindi pale ukingoni, akalisokomeza mdomoni mwa pembe, akaligonga kwa jiwe mpaka likazama.

"Kutoka hapa kushuka, toa," alimwambia Vitus. "Kupanda, rudisha."

Mchezo wa nne, wa zamani pia, aliuongoza Jenifer, na ukumbi wa Same ulijaa. Mimi nilipanda cheo, nikawa askari wa kwanza.

Mwaka huu tulipanda tena kulipa faini. Kwenye kona ya mwisho kabla ya Vuangwe tulimkuta Mzee Kaanaeli amesimama katikati ya barabara na jembe lake. Alisimamisha kirikuu. Tukamwamkia, akaitikia huku amenyoosha mkono, akaletewa pembe. Alikagua gunzi, akalisukuma ndani kidogo kwa kidole gumba. Ndipo akamwangalia binti yake.

"Tope ni jingi mwaka huu," alisema. "Umekuja na watu wa kutosha?"